Mchaguzi wa Mitungi ya Amiri

Njooni mtasikia, kisa cha mja fakiri;
Sikio alitumia, akamshinda amiri.

Hapo zamani, katika mji wa Kilungamo, alikuwako kipofu aitwaye Shaame, fukara asiye na mkeka, naye hakutaka sadaka, alitaka kazi. Kila alikobisha hodi aliambiwa, "Pole, ndugu yangu, kazi hii yahitaji macho."

Basi ikawa wafinyanzi wa mji ule huziba nyufa za mitungi kwa udongo mbichi, kisha huipaka mitungi ngeu, ile rangi nyekundu, ikang'aa. Mchaguzi wa mitungi ya Amiri akanunua mng'ao, maji yakaishia sakafuni, akafukuzwa. Shaame akaenda barazani kuiomba kazi ile, akakuta watu saba wenye macho nao wanaiomba.

Waziri akacheka. "Bwana wangu, huyu atachagua kwa ndevu?"

"Na ashindane," akasema Amiri. "Sharti ni moja kwa wote. Simameni hatua kumi mbali na mitungi, mkono wa mtu usiguse mtungi, kila mmoja aoneshe autakao. Kisha itajazwa maji, na atakayevujiwa ataketi chini. Nami nitachagua, mpate kujifunza. Ama wewe Shaame, ukiketi, usibishe tena hodi kuomba kazi. Nenda ukakae na waombaji."

"Nimesikia, Bwana wangu. Mkono usiguse."

Wale saba wenye macho wakachagua iliyong'aa, na Amiri akachagua uliong'aa kupita yote. Shaame akainama, akazoa changarawe, akawa akiitupia mitungi mojamoja huku ametega sikio. Mtungi mmoja ukakohoa, wa pili ukakoroma, mwingine ukalia kama kengele.

"Huo uliolia sasa ndio wangu."

"Amevunja sharti," akasema Waziri.

"Mkono wangu huu hapa, Bwana Waziri. Ukiuona kule, nirudishie."

Yakatiwa maji. Udongo mbichi ukalainika, nyufa zikafunguka, na wale saba wakaketi mmoja baada ya mwingine. Kisha mtungi wa Amiri nao ukaanza kutiririka; wa Shaame haukutoa hata tone.

Waziri akanong'ona, "Sharti si la wakubwa, Bwana wangu."

"Nilisema wote," akajibu Amiri, akakusanya joho lake, akaketi majini, akacheka hata kilemba kikamwendea upande. Na kwa kuwa ni utovu wa adabu kusimama Amiri akiwa ameketi, baraza zima likashuka, Waziri akiwa wa mwisho, akiguna.

Shaame akauliza, "Mbona nasikia maji na vicheko? Niketi nami?"

"Simama, mchaguzi wangu," akasema Amiri. "Kazi ni yako tangu leo."

Basi wote waliokuwapo barazani wakawa wameketi majini, na aliyebaki wima ni Shaame.