Sauti ya Pili Dirishani

Palikuwa na fundi seremala mmoja. Tulieni, najua mmeshaanza kutabasamu mkidhani nawaletea yule wa Nazareti. Siye. Huyu wangu alikuwa hamwamini yule, wala Baba yake, wala malaika hata mmoja. Na usinikatie jicho hivyo, mama wa kwaya. Mfano ni wangu, nimeutunga kwa kichwa hiki hiki kilichotoroka shule darasa la sita, na wenye digrii waliokaa hapo mbele watatoka wameinama kuliko mimi.

Fundi huyo hakuwa na ugomvi na Mungu. Hilo mlishike, maana sisi tukimwona asiyeamini tunakimbilia kusema, "Huyo ana hasira, kuna kitu kilimpata." Hakuna kilichompata. Yeye aliangalia mambo kama anavyoangalia ubao: anafumba jicho moja, anautazama toka ncha hii mpaka ile. Akaangalia hivyo, akasema, "Sioni kitu." Basi. Ukimuuliza atakwambia, usipomuuliza anaendelea na randa yake.

Wateja walimchokoza. "Fundi, siku ukifa utakwenda wapi wewe?"

"Kabla hujazaliwa ulikuwa wapi?" anamuuliza mteja. "Ulipata shida gani huko?"

Watu wanacheka, wanabeba meza zao wanaondoka. Meza zenyewe hazitikisiki. Mimbari ya kanisa la mtaa ule aliichonga yeye, na sijasikia mchungaji aliyewahi kuinusa akasema inanuka ukafiri.

Sasa fundi huyu alikuwa na mke, na mke alikuwa mwana jumuiya hasa. Kila Jumamosi alfajiri watu wanakusanyika nyumba ya mmoja wao, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kwa zamu. Katibu ana daftari. Ukifika anaandika "yupo", usipofika anaandika "hayupo". Yule mama hakuwahi kukosa. Na alikuwa anaimba sauti ya pili. Mnaijua sauti ya pili? Haibebi wimbo. Wimbo unabebwa na ya kwanza, ya pili inapita chini yake kama boriti chini ya dari. Ukiisikia peke yake utadhani mtu amepotea njia.

Yeye alimwacha mumewe asisali, na mume alimwacha yeye asali. Alfajiri fundi ndiye aliyekuwa anamwamshia. "Amka, Mungu wako atakuandika umechelewa."

"Na wewe njoo siku moja, wakuone. Si lazima uamini, kaa tu."

"Nikikaa humo watadhani naamini."

Mke akafikiri kidogo, akafunga kitenge. "Kweli. Baki. Afadhali ukae nje na ukweli wako kuliko uingie ndani na uongo. Uji uko kwenye chupa."

Ndoa ngapi za walokole humu zinaongea hivyo? Sitaji mtu. Baba, usimtazame mkeo, nimesema sitaji mtu.

Kisha yule mama akapigwa na kiharusi. Miguu yote ikafa, na mkono mmoja. Ulimi ukabaki, na sauti ikabaki. Fundi akahamishia kazi zake ukumbini ili awe karibu. Akawa anamwogesha, anamgeuza, anamlisha, huku maranda yamemjaa nyweleni.

Jumamosi ya kwanza katibu akaandika "hayupo". Sawa, ilikuwa kweli. Jumamosi ya pili "hayupo". Ya tatu "hayupo". Hakuna aliyepiga hodi kuuliza yuko wapi. Walikuwa watu wenye miguu mizima, lakini njia ya kwenda kwa fundi iliwauma.

Mwezi wa tatu wa ugonjwa ikafika zamu ya nyumba yao. Furaha ikamkosesha mke usingizi. "Mume wangu, tuna vigoda vitatu tu. Watu ishirini watakaa wapi?"

Fundi akatoa mbao alizokuwa anamtunzia mteja wa kabati, mbao nzuri za mninga, akamwambia mteja asubiri. Akatengeneza mabenchi mawili marefu. Akayapiga msasa mpaka ukipitisha kiganja huoni tofauti na shavu la mtoto mchanga. Alfajiri akachemsha chai birika zima, akampaka mkewe mafuta, akamkalisha na mito mgongoni.

Wakasikia nyayo. Nyayo zikaja, zikafika mlangoni, zikapita.

Halafu wimbo ukaanzia nyumba ya pili.

Fundi akasimama kwenda kufunga dirisha. Mke akasema, "Usifunge. Fungua yote." Akaanza kuimba pale kitandani, sauti yake ya pili, chini ya wimbo wa wenzake ulioingia kupitia dirishani. Akaimba mpaka mwisho.

"Wamesahau tu," akasema. "Zamu nyingine watakuja."

"Mungu wako hasahau, watu wake wanasahau?"

"Usinichokoze. Nipe chai, isije ikapoa yote."

Zamu nyingine wakapita. Zamu ya tatu wakapita. Na kila Jumamosi, wakiimba karibu, fundi anafungua dirisha, na mwanamke anaimba, na mwanamume ambaye haamini anashikilia kitabu cha nyimbo mbele ya macho ya mkewe na kumfungulia kurasa. Miezi kumi na moja. Mwishoni akawa hahitaji kitabu tena, wote wawili hawakukihitaji.

Siku moja mke akamwambia, "Nikifa usinizike kimya kimya. Nataka waniimbie ule wimbo wetu wa kuagana. Niapie."

"Niape kwa nani, na mimi sina wa kumwapia?"

"Niapie mimi."

Akamwapia. Wiki haikuisha.

Sasa mwoneni fundi anakwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, aproni bado iko kiunoni, maana hakuna aliyekuwapo wa kumwambia aivue. Mwenyekiti akamkaribisha, akampa pole, akatuma aitwe katibu na daftari lake. Katibu akafungua, akapitisha kidole. Hayupo. Hayupo. Hayupo. Miezi kumi na moja.

"Fundi," mwenyekiti akasema kwa upole ule wetu tunaoujua, "marehemu alijitenga na wenzake. Asiyesali na jumuiya haagwi na jumuiya. Ni utaratibu, si mimi."

Fundi akaomba daftari. Akalitazama kwa jicho moja, kama ubao. Akaweka kidole.

"Jumamosi hii ilikuwa zamu ya nyumba ya nani?"

Katibu akakohoa. "Ilikuwa... kwake."

"Na hii?"

"Kwake."

"Mmemwandikaje siku hizo?"

Fundi akasoma mwenyewe. "Hayupo. Siku ya zamu yake, nyumbani kwake, kitandani kwake, miguu imekufa. Niambieni, alikuwa ametoka kwenda wapi?"

"Fundi, tuelewane," mwenyekiti akasema. "Ile nyumba ina shida ya kiroho. Wewe mwenyewe kila siku unatangaza Mungu hayupo. Tungeingiaje?"

"Mimbari yenu nimeichongea mle mle ndani."

"Hilo ni jambo lingine."

"Mimi nasema Mungu hayupo kwa sababu nimetazama sikumwona," fundi akasema. "Ninyi mmeandika mke wangu hayupo, na hamkutazama."

Mngedhani hapo mwenyekiti analia, wanakumbatiana, tunaimba pambio. Mngoje. Nyie mnapenda sana mambo yaishe mapema mkapike.

Mwenyekiti akavuta kiti karibu. "Ipo njia, ndugu yangu. Wewe simama mbele ya waumini kesho, ukiri kwamba unaamini. Maneno mawili tu. Tutamwimbia mkeo mpaka makaburini, kwaya nzima."

"Lakini siamini."

"Sema tu, watu wasikie."

"Nikisema nitakuwa nimedanganya. Mnataka nidanganye mbele ya Mungu wenu?"

"Mungu anaujua moyo," mwenyekiti akasema. "Sisi tunahitaji kinywa."

Wapendwa, msidhani fundi alikataa hapo hapo kwa kiburi. Alikuwa ameapa. Maneno mawili, na mkewe anaimbiwa. Alifungua mdomo. Alilipata hata lile neno la kwanza, likamfika kwenye meno. Ndipo akamsikia mkewe anafunga kitenge alfajiri: afadhali ukae nje na ukweli wako. Akaufunga mdomo. Akamrudishia katibu daftari kwa mikono miwili, kwa adabu, akaondoka.

Hakuwa na mbao ndani. Alikuwa na mabenchi mawili ya mninga ambayo hayajawahi kukaliwa na mtu. Akayabomoa. Akatengeneza jeneza, na nasikia lilikuwa laini kuliko jeneza lolote lililowahi kupita mtaa ule, maana msasa ulikuwa umeshapigwa tangu zamani, kwa ajili ya makalio yetu.

Waliombeba ni muuza kahawa, ambaye ni Mwislamu, na wanawe wawili, na msusi wa kona, na fundi mwenyewe mbele. Jumuiya walikuja pia. Ndiyo, walikuja! Walisimama ng'ambo ya barabara ya makaburini, wamefunga khanga, wamekunja mikono. Utaratibu haukatazi kutazama.

Udongo ulipoanza kushuka, fundi akaimba.

Hakuwa na sauti, ile ilikuwa sauti ya msumeno. Na aliuimba ule wimbo wa kuagana wote, beti zote, lakini ulikuja umepinda, unakwenda mahali ambapo wimbo haujawahi kwenda. Muuza kahawa akadhani huzuni imemchanganya. Msusi akainamisha kichwa kwa aibu. Ila ng'ambo ya barabara walielewa, kwa sababu wao ndio waliokuwa wanaujua.

Alikuwa anaimba sauti ya pili. Ndiyo pekee aliyofundishwa. Hakuijua nyingine, kwa sababu nyingine ilikuwa inatoka nyumba ya jirani.

Ya kwanza haikuwapo. Kila mmoja ng'ambo ile alikuwa nayo kooni. Lilikuwa jambo la kufungua mdomo tu, hata bila kuvuka barabara. Fundi akafika mwisho wa ubeti, akasubiri kidogo, kama mtu anayewapa wenzake nafasi ya kuingia. Hawakuingia. Akaanza ubeti unaofuata, peke yake, chini ya wimbo ambao haukuwapo.

Mnataka niwaambie aliokoka? Hakuokoka. Alirudi nyumbani akanunua mbao nyingine, akapiga randa, akamalizia kabati la yule mteja. Mpaka leo ukimuuliza anasema hakuona kitu. Na mimi, nilivyo na mdomo huu usiokosa jibu, kwake nakosa la kumwambia, kwa sababu angeona kupitia wapi? Sisi ndio tuliokuwa dirishani kwake. Tunazunguka mtaa na vipaza sauti tukipiga vita wasioamini, na miezi kumi na moja asiyeamini ndiye aliyefungulia sala dirisha, sisi tukapita mlangoni tukiwa na Biblia kwapani. Nani kati yao alisema Mungu hayupo? Mmoja aliyasema kwa mdomo kiwandani kwake. Wengine waliyasema kwa miguu, Jumamosi tatu, na wakaandika kwenye daftari.

Msiniitikie Amina. Leo siitaki, kaeni nayo.

Katibu wa jumuiya hii, naona umekaa karibu na mlango. Usitoke. Fungua daftari lako, mtafute mtu aliyeandikwa hayupo wiki tatu mfululizo, simama, utusomee jina lake kwa sauti. Halafu sote tuchukue viatu vyetu twende.