Hindi la Bibi Mkawasi

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kama watu wa intavyuu, midomo mikavu? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmefika.

Hapo kale, kabla binadamu hajaulizwa ana uzoefu wa miaka mingapi, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na bibi kizee, Mkawasi. Aliishi na mwanawe Mwadime, na Mghoi mke wa Mwadime, na wajukuu wake. Kitindamimba wao aliitwa Wakesho.

Kila mavuno, Bibi Mkawasi alichagua mahindi mazuri ya mbegu, akayatundika juu ya meko yapigwe moshi, wadudu wasiyaguse. Na kila hindi alilipa jina. Hili la Mwadime. Hili la Mghoi. Hili la marehemu mume wangu, Mwakio. Kila mtoto na lake. Mvua ikija, kila hindi lilipandwa mstari wake. Wakubwa wakichimba, kwi, kwi. Watoto wakidondosha mbegu, tap, tap. Miguu ikifukia, fu, fu. Mstari wenye jina lako unaupalilia wewe, fulstopu. Mistari ya marehemu watoto walipokezana, na mvivu alisemwa.

"Wewe, babu yako amemezwa na magugu."

"Babu alikuwa mrefu, atajitokeza mwenyewe."

Hivyo ndivyo walivyowajua wazee ambao hawakuwahi kuwaona: kwa kuumwa mgongo.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Ghala likaisha. Wakachimba mizizi, mizizi ikaisha. Wakesho akalia, akalia, akalia, mwishowe akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikowatisha.

Mwadime akainuka, akanyoosha mkono juu ya meko.

"Unamshusha nani?" Bibi akauliza.

"Mama, hili ni hindi tu."

"Nimeuliza nani."

Mwadime akatazama. "Baba."

"Haya. Mtie chunguni baba yako."

Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka mtupu.

Mghoi mtoto wake alikuwa anakwisha, hakuwa na muda wa adabu. "Basi nashusha la Wakesho mwenyewe. Si ndiye mwenye njaa?"

"Akila lake leo, mwakani atapanda nini?"

"Huo mwakani ataufikia, mama? Hebu mtazame."

Bibi akamtazama mtoto. Akasimama, magoti yakalia ka, ka. Akashusha hindi moja nono, akaketi, akalipukuchua: pu, pu, pu.

"Hilo la nani?" Mghoi akauliza.

"Langu."

"Na wewe je, mama?"

"Mimi nimeshapandwa mara nyingi. Koleza moto."

Wakamnywesha Wakesho maji ya mahindi, kisha mahindi yenyewe yaliyopondwa, kidogokidogo, hadi akapata nguvu za kulia tena. Nyumba nzima ikafurahia zile kelele.

Mvua ikaja. Pa, pa, pa. Wakapanda. Mwakio mstari wake, Mwadime wake, Mghoi wake, Wakesho wake. Walipomaliza, Wakesho akazunguka shamba lote akitafuta.

"Bibi, mstari wako sijauona."

"Unao wewe."

Mtoto akajitazama mikono, akajitazama miguu, akajishika tumbo.

"Ndiyo, huohuo," Bibi akasema. "Upalilie."

Funzo, maana najua mnalisubiri: njaa ikiingia nyumbani, mwenye kushika mbegu aanze na hindi lenye jina lake. Sio huu mtindo wa siku hizi, wakubwa wanachemsha hindi la mtoto, wanashiba, wanafuta midomo, halafu wanamwuliza na digrii yake mkononi: kijana, mbona hujapanda kitu?

Apande nini, bosi?

Hadithi yangu naitua hapo. Wa kuibeba aibebe.