Kunguni na Kilima cha Mlenda

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliokula jana. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Kaeni, na mshukuru kwamba mkikaa mnakaa. Kabla sijamaliza mtajua kwa nini.

Hapo zamani za kale, viboko walipokuwa bado wanajenga vilimani, paliondokea kiboko mmoja, jina lake Kunguni. Usicheke. Wewe hapo nyuma, usicheke! Kiboko mzima, mwili kama ghala, anaitwa Kunguni. Kisa ni mila. Mtoto wa kiboko alipewa jina siku ya saba. Jua likianza kuzama, mlango hufunguliwa. Bibi mzaa mama akitangulia kuvuka kizingiti, yeye ndiye hutoa jina. Asipowahi, mtoto huchukua jina la yeyote atakayetangulia. Bibi yake Kunguni alichelewa. Kunguni mwenyewe, yule mdudu, hakuchelewa.

Siku zikaenda, siku zikarudi. Kunguni akaoa, akapata binti mzuri, masikio madogo kama vikombe vya kahawa. Siku ya saba Kunguni akamwambia mkewe, Mwanamaji, "Mimi nimechekwa maisha yangu yote. Mwanangu hatachekwa."

Alfajiri akateremka bondeni kumchukua mama mkwe, Bi Kishindo. Hapo napo palikuwa na mila. Bibi wa mtoto hapandi kilima peke yake. Hubebwa au huvutwa. Tena mkwe haruhusiwi kumtazama mama mkwe, hata kwa jicho moja. Basi Kunguni akafika kinyumenyume, anaburuta mtumbwi mkongwe uliokatika nyuma.

"Shikamoo, mama," akauamkia mti.

"Marahaba, mwanangu. Mimi niko huku."

Bi Kishindo akapanda. Mtumbwi ukalia ngee! Kunguni akashika kamba. Vuta! Kwaruu. Vuta! Kwaruu. Mpaka saa nne walikuwa wamekwenda hatua tatu, na moja katika hizo ilikuwa ya kurudi nyuma.

"Ardhi hii ina roho mbaya!" Kunguni akafoka. "Jiwe linashika, changarawe zinashika, mchanga unashika! Nani aliiambia ardhi ishike?"

Mjusi alikuwa ubavuni mwa jabali, kichwa chini, mkia juu. Akasema, "Bwana Kunguni, mimi naishi kwa kushika. Ardhi isiposhika, hata kusimama hutasimama."

"Wewe una uzito gani hata unifundishe mambo ya uzito?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na asiyesikia la mjusi mtaona.

Kunguni akapita nyumba kwa nyumba, akakusanya mlenda wote uliopikwa siku ile, mboga ile yenye utelezi. Vyungu arobaini! Wanyama wakala ugali mkavu, wakamtukana kwa heshima. Akapaka mlenda njia nzima, toka kwa mama mkwe hadi kizingitini kwake. Akapaka mtumbwi nje. Kisha akapaka na ndani, kwa sababu mlenda ulibaki na yeye hapendi kumwaga chakula.

"Mama, inua miguu kidogo," akasema, amefumba macho.

Yeye mwenyewe akapita kando, juu ya changarawe, maana ujinga wake nao ulikuwa na mpaka.

Vuta! Swaa. Vuta! Swaa. Mtumbwi ukapanda kilima, Bi Kishindo ameng'ang'ania kingo. Katikati ya kilima Kunguni akasimama apumue. Bi Kishindo naye akaachia kingo ajipepee. Hapo hapo Kunguni akavuta kwa ghafla, kwa nguvu zote.

Sikilizeni vizuri sasa. Mtumbwi ukaenda. Bi Kishindo akabaki.

Alikuwa ametulia, na kilichotulia hupenda kubaki kimetulia mpaka kishikwe kisukumwe. Mlenda haukumshika. Mtumbwi ulichomoka chini yake, akaketi njiani, pu! Mkoba kifuani.

Na dunia ikamwita chini, kama inavyoita nazi, kama inavyoita mvua. Swii! Kwanza taratibu, akampita kunguru, wakasalimiana. Swiii! Kisha mbio, akampita ngiri, salamu ikajibiwa mbali. Swiiii! Akafika bondeni, kwenye tambarare. Mnadhani alisimama? Asimamishwe na nani? Njia ikakata kona. Bi Kishindo hakukata kona. Akaenda moja kwa moja, na mbele yake kulikuwa na korongo.

Huko juu Kunguni anaimba. "Mtumbwi umekuwa mwepesi! Ardhi imekubali! Unaonaje, mama?"

Kimya.

"Mama mkwe mwenye adabu zake," akasema, akazidi kuvuta.

Akafika nyumbani. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Mwanamaji akachungulia dirishani, mtoto begani.

"Mama yuko wapi?"

"Nyuma yangu."

"Nyuma yako kuna mlenda."

"Mimi nimekatazwa kutazama!"

"Na kufikiri je, umekatazwa?"

Kunguni akageuka. Mtumbwi mtupu. Akaporomoka kilima kwa njia ya changarawe, anakimbia analia. Jina alilisahau. Alichoona machoni ni bibi wa watu chini ya korongo, na aliyemtelezesha ni yeye.

Akamkuta Bi Kishindo ameketi, hatua mbili kutoka ukingoni. Kule nje ya njia mlenda haukufika. Changarawe zilimshika, kwaruu! Mchanga ukamshika, kwaruu! Akapunguza mwendo, akasimama.

Kunguni akampa mgongo haraka. "Mama, nisamehe."

"Utalia baadaye, mwanangu. Jua limebaki kiasi gani?"

"Shibiri moja."

"Lete mkia."

Mkia wa kiboko ni mfupi, lakini siku ile ulitosha. Mila ilisema bibi avutwe. Haikusema avutwe kwa kitu gani. Kunguni mbele, Bi Kishindo nyuma ameushika mkia, wakapanda juu ya changarawe. Kwaruu, kwaruu. Kila unyayo ulioshuka, ardhi iliushika. Kunguni alichoka, miguu ikamchubuka, lakini hakuitukana ardhi.

Walipofika, jua linazama, mlango wazi. Na juu ya kizingiti, nani? Mende!

Kunguni akajishika kichwa. Binti yangu! Mende binti Kunguni!

Lakini tazama. Kizingiti kilikuwa na mlenda. Miguu sita ya Mende inakwenda, mwili hauendi. Anakimbia, yuko palepale.

"Naingia," anahema. "Naingia, jamani. Tangu mlango ufunguliwe naingia."

Atembeaje? Ili uende mbele lazima uisukume ardhi nyuma, na ardhi isiyoshika haisukumiki.

Bi Kishindo alikuwa na changarawe zimemganda nyayoni. Akaweka unyayo wa kwanza juu ya mlenda. Kwaruu! Ukashika. Akaweka wa pili. Akamruka Mende, akamwambia samahani, akaingia. Nje, jua likatumbukia.

Akampakata mtoto.

"Wewe ni Msuguano," akasema. "Ni jina la kile kilichonishika pale korongoni, baba yako alipokuwa amekwisha kuniachia."

Kunguni akageukia ukuta, akalia kwa sauti, kwa haya na kwa furaha. Na tangu siku ile, kila alipomwita mwanawe aje kula, alilazimika kutaja kwa upole kitu kilekile alichokitukana.

Wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: usilaani kinachokuchosha ukipanda, maana hichohicho ndicho kitakachokuzuia ukianguka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Imegonga changarawe, imesimama. Haya, inukeni mwende. Na mkiinuka, isalimuni ardhi.