Kibao cha Njia ya Bondeni

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso, maana mwisho wa habari hii nitataka jibu, na atakayekoroma nitamwanza yeye.

Palikuwa na mtaa ukiitwa Bondeni, na ndani yake watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bi Mwanahawa alijaliwa kuomba: angerudi mlango ule ule mpaka wenye mlango wachoke, yeye asichoke. Nassibu alijaliwa nguvu, na akishika sururu vijana wenzake waliona haya kukaa kitako. Wa tatu alikuwa Chande, fundi mwashi. Alichokijenga Chande hakikupata ufa. Wenye nyumba waligombana wakaachana, ukuta wa Chande ukabaki pale pale.

Basi tumfuate huyo Chande, kwa kuwa ndiye mwenye mzigo.

Kila mwaka, mwezi wa Ramadhani ukikaribia, watu wa Bondeni walitengeneza baraza zao wapate pa kufuturisha wageni. Fundi mwingine angekwangua lipu ya zamani kwanza. Chande hakukwangua. Alipanga tofali jipya mbele ya lile la zamani, akapiga lipu juu yake, na baraza ikaingia njiani kiganja kimoja. Kiganja ni nini? Mwenye nyumba alifurahi, jirani wa mbele akaona wivu, naye akamwita Chande amwongezee. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kilichojaa kilikuwa njia yenyewe. Baraza kubwa kuliko zote ilikuwa ya Chande mwenyewe, pale kwenye kona, na aliipenda kama mtoto wa uzeeni.

Siku moja akafariki Bi Hidaya, mama yake Bi Mwanahawa. Chande alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, tena mbele. Walipofika kwenye kona, jeneza halikupita. Wakarudi nyuma, wakajaribu tena, wapi! Mwisho wakalilaza ubavu, wakalipitisha juu ya baraza ya Chande, na wote wakausikia mwili wa bibi wa watu ukiteleza ndani. Pembe ya jeneza ikakwaruza lipu.

"Taratibu, jamani, taratibu," ikatoka sauti ya Bi Mwanahawa dirishani. "Huyo ni mama yangu."

Hakuna aliyemtazama Chande, na hilo ndilo lililomchoma. Angetukanwa, angejibu. Matangani alishindwa hata kumpa mfiwa mkono wa pole. Tangu siku ile akawa anapita njia ya nyuma, kwenye maji machafu, mradi asikutane na Bi Mwanahawa. Na ule mkwaruzo hakuuziba. Kila akichukua mwiko, mkono ulikataa.

Bi Mwanahawa naye, matanga yalipokwisha, akavaa buibui lake akaenda manispaa. Akaambiwa arudi kesho, akarudi. Akaambiwa bosi hayupo, akakaa kwenye benchi akamngoja. Wenzake walimwambia anajiaibisha.

"Mficha uchi hazai," akawajibu. Na alipofika mbele ya mhandisi, naye mwanamke kama yeye, alisema hivi: "Mama, mtaa wetu hauna mtaro, hauna taa, hauna bomba, na maiti wetu wanapita ubavu."

Maneno yale ya mwisho yalimfanya mhandisi aweke kalamu chini. Bondeni ikaingizwa kwenye mradi.

Katapila likaja, likasimama mdomoni mwa njia. Mhandisi akatazama baraza za huku na baraza za kule, akatikisa kichwa.

"Halipiti. Mkizivunja tutaendelea. Msipozivunja, mradi unakwenda mtaa wa pili, na wenzenu wanautaka."

Watu wakatazamana. "Aanze mwenye kubwa," akasema mmoja. "Aanze aliyetujengea," akasema mwingine. Wawili hao walikuwa wakimsema mtu mmoja.

Chande akaingia ndani. Watu wakadhani amejifungia. Kumbe alifuata nyundo. Jua likiwa utosini, mbele ya macho yote ya mtaa, akaanza pale penye mkwaruzo. Wasemao kubomoa ni rahisi hawajabomoa kazi ya Chande. Nyundo ilidunda, viganja vikachubuka, na yeye akawa analia waziwazi, mtu mzima mwenye wajukuu.

"Lete nikupokee, mzee," Nassibu akamwambia.

"Niache, mwanangu. Hizi ni zangu."

Baraza yake ilipolala chini akahamia ya jirani, kisha ya jirani wa jirani, mpaka zote alizozijenga kwa mkono wake akazivunja kwa mkono huo huo. Katapila likapita.

Likapita, lakini chini ya kona likakutana na mwamba, na meno yake yakavunjika. Mvua zilikuwa karibu. Mtaro ukiishia katikati, maji yote ya mlimani yangeingia vyumbani mwa watu. Mkandarasi akaanza kukusanya vifaa vyake. Hapo Nassibu akateremka shimoni na sururu na mtaimbo, na vijana wenzake wakamfuata kwa haya. Mtaimbo ukamponda kidole cha mguu. Akakifunga kitambaa, akarudi shimoni. Wingu lilipotanda mwamba ulikuwa umetoboka, na mvua iliponyesha wazee walisimama milangoni kuyatazama maji yakienda zake.

Taa zikawaka. Bomba likatoa maji. Likabaki jambo moja dogo, na madogo ndiyo yanayogombanisha watu. Manispaa ilikuwa ikiweka vibao vya majina ya barabara, na njia ya Bondeni haikuwa na jina. Wakaambiwa wachague mtu mmoja aliyeileta njia hiyo, jina lake liandikwe. Mchoraji akakaa na brashi yake, akangoja.

"Nassibu!" vijana wakapiga kelele. "Bila mwamba kutoboka tungekuwa tunaogelea."

"Bi Mwanahawa!" wakasema kina mama. "Kabla yeye hajaomba, nani alikuwa anatujua?"

"Na Chande je?" akauliza Mzee Dihile, jirani wa mbele. "Katapila lingepita hewani?"

Nassibu akacheka kidogo. "Mzee wangu, samahani. Mtu amefunga mlango, halafu kaufungua. Tumtuze kwa kuufungua?"

Chande alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

"Kijana kasema kweli," akasema. "Msiniandike mimi. Nawaombeni."

"Kaufunga kwa sababu sisi tulimwita," Mzee Dihile akasema. "Mimi mwenyewe nilimpelekea chai na maandazi. Leo nijifanye sikuwepo?"

Wengi wakainamisha vichwa. Ndipo Bi Mwanahawa akasimama.

"Mwandikeni Chande," akasema.

Tangu siku ya jeneza hakuwahi kulitamka jina hilo. Chande akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Bi Mwanahawa, dada yangu, hapo unanisamehe au unanihukumu?"

Bi Mwanahawa akajitanda buibui lake vizuri.

"Kibao kikae pale kwenye kona," akasema, "palipokuwa na baraza. Jeneza langu nalo litapita hapo siku moja." Akaondoka zake.

Mchoraji bado ameshika brashi, na rangi inaanza kukauka. Chande amesimama mbele yake, akitaka jina lake liandikwe na akiogopa lisije likaandikwa.

Haya, wewe uliyekuwa ukisinzia, nakuanza wewe kama nilivyoahidi. Aliyeomba, aliyebomoa, aliyetoboa: ungeandika jina la nani? Na ukiandika la Chande, umempa heshima, au umemfunga na aibu yake mpaka siku atakayopitishwa hapo yeye mwenyewe?