Bibi Nakijwa na Chungu cha Majani

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, na wa nyuma nao wasikie. Nitasema kama nilivyoambiwa. Chumvi siongezi.

Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu zetu hajaota meno, palikuwa na kijiji kilichojaliwa mahindi. Ghala zilijaa mpaka panya wakanenepa. Wanawake walitwanga, twa! twa! twa! Wakapepeta, wakaloweka, wakatwanga tena, mpaka unga ukawa mweupe kama pamba. Weupe, weupe, weupe. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa ya mke.

Lakini jani la kijani halikuingia jikoni. Mchicha ulijiotea mpaka mlangoni, wakawapa mbuzi. Majani ya maboga wakayatupa. Kwa nini? Kwa sababu miaka ya nyuma njaa kubwa ilipita pale, watu wakaishi kwa majani matupu. Asubuhi majani, jioni majani. Mvua iliporudi, walikusanyika njia panda wakala kiapo: jani halitapikwa tena hapa. Atakayelipika, chungu chake kitavunjwa mbele ya mlango wake, watu wote waone.

Katika kijiji hicho aliishi mama mmoja kijana, Namkunda, na binti yake wa pekee, Nanzia.

Siku moja jua linazama, Namkunda alimtuma binti yake alete ungo. Mtoto akaenda. Kwaa! Akajikwaa kwenye jiwe. Pu! Akaanguka.

"Nanzia! Jiwe lote hilo hulioni?"

"Jiwe gani, mama? Si usiku umeshaingia?"

Namkunda akatazama juu. Anga lilikuwa bado jekundu. Moyo wake ukafanya paa! Mtoto wa dada yake alianza hivyo hivyo. Kwanza alipapasa jioni. Kisha macho yakakauka, yakaota utando mweupe. Sasa alikuwa akiongozwa kwa fimbo, mchana kweupe.

Kulipokucha akamshika mwanawe mkono, akaenda kwa Bibi Nakijwa.

Bibi Nakijwa alikuwa mfinyanzi. Kila chungu kijijini kilitoka mikononi mwake. Hakuwa msemaji. Alitazama, akatazama tena, ndipo akafungua mdomo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto ana nini?"

"Jioni haoni. Watu wanasema nimtafute aliyemroga."

Bibi akanawa udongo mikononi. Akamgeuza mtoto uso kwenye mwanga, akamtazama jicho hili, akamtazama jicho lile.

"Yamekauka, lakini utando bado. Tumewahi. Na aliyemroga nimemjua. Ni unga wako mweupe."

"Bibi!"

"Nisikilize. Wakati wa njaa nilikuwa na watoto wadogo. Tulikonda, mbavu nje. Wengine niliwazika kwa mikono hii. Lakini waliobaki walikimbizana jioni mpaka nyota zikatoka, na hakuna aliyejikwaa. Leo tumeshiba, watoto wanapapasa. Nimeligeuza jambo hili huku na huku. Tulikuwa na nini wakati ule ambacho leo hatuna?"

Namkunda aliogopa hata kulitaja. Akanong'ona, "Majani."

"Majani. Na leo nitayapika."

"Watakuvunjia chungu, Bibi!"

"Chungu ni udongo, mwanangu. Udongo uko mtoni."

Bibi akawasha moto uani, mchana, mbele ya macho ya watu. Akachuma mchicha na majani ya maboga, akaosha, akakatakata. Harufu ikatembea kijiji kizima. Mtoto hajatia hata tonge mdomoni, akaja Mzee Kirumbe, msimamizi wa kile kiapo, na rungu, wanaume nyuma yake. Pwaa! Chungu vipande. Mboga ikaliwa na kuku.

Watoto wakaimba, "Bibi mla nyasi! Mee! Mee!"

Kesho yake Bibi akateleka chungu kingine, akapika tena. Kirumbe akaja tena. Pwaa! Kuku wakala tena.

Jioni Nanzia akajikwaa, kwaa! Na mama mkwe wa Namkunda akasema, "Ukikanyaga tena kwa yule bibi, na chungu chetu kitavunjwa. Utatuaibisha sote."  Namkunda alikuwa akimtazama mwanawe akiutafuta mlango kwa viganja.

Bibi akapika mara ya tatu. Safari hii akatia karanga za kutwanga. "Jani bila mafuta," alisema, "linapita tumboni kama mpita njia. Halisalimii mtu."

Kirumbe akaja, rungu juu. Namkunda akaketi mbele ya chungu, akampakata mwanawe.

"Mzee wangu, mimi siondoki. Ukipiga, utaanza na sisi."

Rungu likabaki hewani.

"Kirumbe, mdogo wangu," Bibi akasema, "vunja ukitaka. Lakini kwanza nijibu. Mbuzi wako, watoto wanawarudisha zizini wakati gani?"

"Alasiri, jua likiwa juu. Ndiyo desturi yetu."

"Na marehemu baba yako aliwarudisha wakati gani?"

"Giza likiingia."

"Chakula cha jioni je, tunakula saa ngapi?"

"Kabla jua halijazama. Ndiyo adabu yetu."

"Adabu! Majirani wanatucheka, wanatuita watu wa kulala na kuku. Watoto wetu hawaoni jioni, Kirumbe. Tukaikata siku ikawa fupi, tukaiita adabu."

 Kirumbe akakohoa.

"Mbona mimi naona? Nami jani silili."

"Mbuzi akichinjwa, ini linakwenda kwa nani?"

"Kwa sisi wazee."

"Basi ini ndilo linalokulinda macho. Na watoto?"

"Wananusa moshi!" mwanamke mmoja akadakia kutoka nyuma. Wanawake wakaangua kicheko.

Kirumbe akakunja uso. "Na kiapo, dada? Hukula nawe?"

"Nilikula, tena nilikuwa mstari wa mbele. Nilikuwa nimetoka kuzika. Kila nikiliona jani, niliona kaburi. Lakini majani hayakutuua. Iliyotuua ni njaa. Majani ndiyo yaliyotuvusha, na sisi tukayamalizia hasira zetu. Kama kiapo kina adhabu, nipeni mimi. Mtoto ale."

Kirumbe akashusha rungu polepole.

"Ale huyo mmoja tu. Mwezi mpya ukiandama naye haoni, navunja vyungu vyako vyote, na sitaki kukuona hapa tena."

"Na akiona?"

"Akiona... tutaongea."

Nanzia akaonja. "Mama, inateleza!"

"Meza," akasema Bibi.

Basi kila siku Namkunda alikwenda, mtoto akala. Jani na karanga, boga la njano, papai lililoiva. Kila jioni Namkunda aliuliza, "Nanzia, jiwe liko wapi?"

"Silioni, mama."

Akala tena. "Jiwe liko wapi?"

"Silioni, mama."

Akala tena. "Jiwe liko wapi?"

"Naona kitu, mama. Kama moshi."

Mwezi ukawa mwembamba. Jioni moja Namkunda alikuwa akichochea moto. Alichoka, wala hakuuliza. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Nanzia akamtazama mama yake, akacheka.

"Mama, mbona una majivu kwenye nyusi?"

Namkunda akajigusa. Vidole vikatoka na majivu. Akamkumbatia mwanawe, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja mbio wakidhani ni msiba.

Asubuhi Kirumbe alisimama uani kwa Bibi Nakijwa. Rungu hakuwa nalo. Alikuwa amembeba mjukuu wake mgongoni.

"Dada," alisema, "kile chungu... kimebaki chochote?"

Bibi hakumcheka, wala hakumkumbusha. Alichukua bakuli, akapakua.

Tangu siku hiyo kila jiko lilipika majani, na ini la mbuzi likaanza na wajawazito na watoto. Lakini yule mtoto wa dada yake Namkunda hakuona tena. Alipewa majani, akapewa ini, akanawiri mwili. Macho hayakurudi. Bibi Nakijwa alimwendea kila siku, akamfundisha kufinyanga, mpaka siku Bibi mwenyewe alipokufa.

Ndiyo maana nasema, wanangu: tumbo kujaa si mwili kupata. Angalieni kilichomo bakulini, na mkiona mmekosea, badilikeni mapema, kwa sababu yapo yanayorudi na yapo yasiyorudi.

Hapo ndipo ngano yangu ilipotua mzigo wake. Mwenye kuubeba na aubebe.