Somo wa Mtoto wa Atupele

Kaeni vizuri, mwenye chai aendelee kunywa. Leo nawaletea kesi, na mahakimu ni nyie.

Huko Rungwe, kwenye migomba na baridi, kulikuwa na wakunga watatu, wote wanachama wa chama cha wakunga cha wilaya. Wa kwanza, Mama Tusajigwe, alijaliwa mdomo: akikueleza jambo unalala nalo na kuamka nalo. Wa pili, Zaituni, alijaliwa jicho: kitu kikitaka kuharibika, yeye alikiona kwanza. Wa tatu, Sekela, mdogo wao, alijaliwa mikono, ingawa mwenyewe alikuwa bado hajajua.

Sasa, mnaijua mikutano ya vyama. Watu wanachangamka, wanakula maandazi, mpaka mwenyekiti aulize, "Nani atajitolea?" Hapo ghafla kila mtu ana kitu cha kutafuta mkobani. Siku hiyo kulikuwa na kazi tatu, zote hazina posho.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwafundisha wenzao, Jumamosi, namna ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Mama Tusajigwe akanyoosha mkono, maana alichoka kuona wengine wakifundisha ovyo. Ya pili ilikuwa kuzungukia zahanati na kukagua vifaa. Zaituni akanyoosha mkono. Yeye alikuwa mgeni kutoka Kondoa, amefiwa na mume, hakujaliwa mtoto, na Jumamosi kwake zilikuwa ndefu mno. Ya tatu ilikuwa kutoa siku zako za mapumziko na kushika zamu za wenzako wanaougua. Sekela akanyoosha mkono aongezewe chai. Mwenyekiti akaandika jina lake, ukumbi mzima ukapiga makofi, naye akaona haya kukanusha.

Basi Mama Tusajigwe akafundisha. Alikuwa na mwanasesere wa mpira, wanachama wakapokezana kumhudumia, na akikosea mtu anarudia. "Mkaushe, msugue mgongo, asipolia mpulizie hewa," aliimba huku akizunguka darasani, "na wewe mkunga, usilie kabla yake!" Watu walicheka, lakini maneno yaliwaganda. Naye hakuondoka mikono mitupu. Sifa zake zilifika chuo cha ukunga, wakamwita awe mwalimu wao.

Zaituni naye akakagua. Alipanda milima kwa bodaboda, na pale bodaboda iliposhindwa alipanda kwa miguu, sketi imeloa umande. Kwenye zahanati moja ya juu kabisa, jirani na mashamba ya chai, alikuta kifuko cha kumpulizia mtoto hewa kimewekwa vizuri kabatini.

"Si unakiona, kipo," mhudumu akamwambia, akitaka kufunga kabati.

Zaituni akakibana kwenye kiganja na kukiminya. Hewa ikamtokea pembeni. Barakoa yake ya mpira, ile inayofunika uso wa mtoto, ilikuwa na ufa mwembamba, huuoni mpaka uikunje. Akahangaika kutafuta nyingine, na alipoipata akapanda tena mlima kuipeleka. Malipo yake? Alipougua malaria, sufuria za ndizi zilimfuata mpaka mlangoni, zimeletwa na wakunga ambao zamani walikuwa wakipishana naye bila salamu. Mgeni alikuwa amepata watu.

Na Sekela, huku akinung'unika njia nzima, akashika zamu. Leo zahanati hii, kesho ile, kila mahali anajifunza jambo, na mikono iliyokuwa ikitetemeka ikatulia. Wakubwa wakamwona, na baadaye wakamkabidhi zahanati yake mwenyewe.

Lakini kabla hajakabidhiwa, asubuhi moja ya soko, aliitwa kushika zamu kwenye zahanati ile ya juu, jirani na mashamba ya chai, maana mkunga wa pale alikuwa mgonjwa. Akaletwa Atupele, mimba yake ya kwanza, na mama yake yuko pembeni. Mtoto akazaliwa, wa kike. Hakulia. Alilegea mikononi mwa Sekela, midomo ya bluu, kimya.

Bibi wa mtoto akaanza kuomboleza. Sekela naye akasikia machozi yanapanda, na pamoja na machozi akasikia sauti ya Mama Tusajigwe kana kwamba yumo chumbani. Usilie kabla yake. Akamkausha, akamsugua mgongo. Kimya. Akachukua kifuko, akamvalisha barakoa, ikashika uso bila kuvujisha. Akapuliza, kifua kidogo kikainuka. Akapuliza tena, na tena. Mtoto akakohoa, akakunja uso, akalia kwa hasira, mpaka wachuma chai kule nje wakashangilia. Ndipo Sekela naye akalia.

Siku ya kumtoa mtoto nje ilipofika, Atupele aliwaita wote watatu, maana Sekela hakumficha kitu: alimweleza nani alimfundisha na nani alileta ile barakoa. Walikula ndizi na maharage wakashiba, kisha Atupele akasema, "Mwanangu nataka awe somo wa aliyempa pumzi. Nimeuliza, nikaambiwa ni nyie. Basi amueni wenyewe."

"Si apewe majina yote matatu!" akasema Mama Tusajigwe.

"Nikimtuma maji nitaita moja," bibi akajibu. "Hilo moja ndilo tunalotaka."

Na somo si jina tu, mnajua. Somo wako akikua anakuja kwako likizo, anakuchotea maji, anajivunia wewe mbele za watu. Ukizeeka, anakuulizia. Zaituni aliwaza hayo yote huku akitazama sahani yake.

"Mimi sisemi uongo, nalitaka," akaanza Mama Tusajigwe. "Sekela, bila zile Jumamosi zangu ungefanya nini?"

"Ningelia tu, mama," Sekela akakiri. "Lakini aliyekuwepo ni nani? Nyie mlikuwa makwenu. Na ilikuwa siku yangu ya mapumziko!"

Wakacheka. Atupele akamgeukia Zaituni. "Na wewe dada, mbona kimya?"

"Hata Sekela angefundishwa vizuri, na angekuwepo," Zaituni akasema taratibu, "bado kwa ile barakoa ya zamani hewa ingeishia ukutani." "Na nalitaka jina hilo, mdogo wangu. Nalitaka sana. Mimi sina anayeniita."

Hakuna aliyecheka. Mama Tusajigwe akajifuta macho na upindo wa kitenge. "Basi yaishe, apewe Zaituni. Mimi nimepata chuo, Sekela kapata zahanati. Sisi tumeshalipwa."

"Apewe kwa kuwa anastahili," Sekela akauliza, "au kwa kuwa tunamwonea huruma?"

"Kwa huruma silitaki," akasema Zaituni.

Hapo ndipo walipokwama. Hawakugombana, la. Waliongezewa chai na kupakatishana mtoto, na wote watatu walikuwa na furaha ambayo hawakuitegemea siku ile ya kunyoosha mikono. Lakini jina halikupatikana.

Nje majirani wamejaa uani, wanataka kusikia mtoto anaitwa nani. Mtoto amelala mapajani mwa Zaituni, anapumua vizuri kabisa, hana habari. Bibi amesimama mlangoni, kifua amekijaza hewa tayari kwa vigelegele, anasubiri jina tu.

Haya, mahakimu. Aliyefundisha, aliyekagua, au aliyekuwepo? Tusajigwe, Zaituni au Sekela? Mwiteni nyie, na mmwite upesi, bibi wa watu hawezi kubana pumzi siku nzima.