Fimbo ya Mzee Bakithi

Sogeeni karibu, mnisaidie kuamua jambo.

Palikuwa na ndugu watatu, watoto wa marehemu Mzee Bakithi, aliyecheza gofu hadi uzeeni kwenye uwanja mkongwe wa pwani, ambako nyasi hushuka mpaka mchangani. Nyamvula, mkubwa wao, alijaliwa kuusoma upepo kwa ngozi ya shavu lake. Tsuma alikuwa na mkono wa kupeleka mpira mbali hadi macho yachoke kuufuata. Na Mbeyu, kitinda mimba, papara hakuijua.

Mzee alipofariki, chama cha uwanja kikaandaa mashindano ya kumkumbuka: kila timu watu watatu, mpira mmoja, kila mtu apige kwa zamu. Zawadi ilikuwa fimbo yake ya kuchezea, yenye mpini uliolika pale vidole vyake vilipozoea kukaa. Nyamvula aliitamani fimbo ile kiasi cha kuiota. Hakujua kuwa wadogo zake nao waliiota.

Siku yenyewe manyunyu yalitanda tangu alfajiri. Bahari na nyasi zikawa rangi moja, na wachezaji walitembea kama watu walio usingizini. Ndugu wale wakaenda sambamba na wageni kutoka bara hadi shimo la mwisho, ng'ambo ya ghuba ndogo. Wageni wakamaliza vizuri. Ili washinde, watoto wa Mzee walibakiwa na pigo moja kwa kila mtu.

Tsuma akapiga. Mpira ukapaa juu ya ghuba, ukapotelea kwenye weupe wa manyunyu, kisha wakausikia ukitua ng'ambo. Hakuna mwingine siku ile aliyeivuka ghuba kwa pigo moja.

Lakini ulitua mchangani, maji yakipanda. Mbeyu akasimama, mawimbi yakimlamba vifundo vya miguu, akangoja wimbi lirudi. Kabla jingine halijafika, akaunyanyua mpira kwa fimbo yake taratibu hadi kwenye nyasi fupi za shimo.

Ikabaki zamu ya Nyamvula. Shimo lilikuwa mbali bado. Akafumba macho, upepo ukampapasa shavuni, na kwa kitambo akahisi baba yake amesimama nyuma yake. Akageukia upande wa bahari.

"Dada, shimo liko kule," Tsuma akanong'ona.

"Naliona."

Mpira ukaenda kombo, upepo ukaudaka, ukaupinda polepole, ukaudumbukiza shimoni.

Bi Mwanakheri, mwenyekiti wa chama, akaileta fimbo. "Hongereni, wanangu. Nimkabidhi nani?"

"Nisingeuvusha, ungezama," Tsuma akasema.

"Ulikaribia kuzama hasa," Mbeyu akajibu. "Mimi ndiye niliyeutoa."

"Na ulipotoka, shimo lilikuwa mbali," Nyamvula akasema, akiushika mpini.

Wakafikiria kuitunza kwa zamu. Lakini Tsuma anaishi Muskati, Mbeyu yuko Kisumu, na hakuna aliyekubali kuwa wa mwisho. Wakabaki hivyo kwenye manyunyu, mikono mitatu juu ya mpini mmoja. Hakuna aliyevuta, hakuna aliyeachia.

Bi Mwanakheri akawatazama watu waliozunguka, nao wakatazamana. Mimi nilikuwa miongoni mwao.

Haya, ninyi mliosikia yote: fimbo ya baba yao aende nayo nani?